Popo Darini: Namna ya Kuwatoa Salama Bila Kuwaua

Mwongozo huu unahusu hasa popo wadogo wanaoishi katika nafasi iliyopo kati ya bati na dari, kwa sababu hao ndio wanyamapori wanaosumbua zaidi katika mapaa ya nyumba zetu za pwani ya Tanzania na Kenya, na ndio wanaouawa kwa wingi pasipo faida yoyote kwa mwenye nyumba. Mwishoni nimegusa kwa kifupi bundi, komba, kanu (mnyama mdogo mfano wa paka) na nyuki, ambao huja mara chache na kila mmoja ana utaratibu wake.

Kanuni inayobeba kazi yote ni moja. Popo hutoka mwenyewe kila jioni kwenda kutafuta chakula, kwa hiyo hakuna haja ya kumfukuza. Unachotakiwa kufanya ni kuhakikisha kwamba akishatoka hawezi kurudi, na kwamba hakuna aliyebaki ndani. Ukiielewa kanuni hii utaona kuwa kazi yenyewe ni ya ufundi wa nyumba, inayohitaji ngazi, nyundo na uvumilivu wa wiki mbili au tatu, wala haihitaji sumu.

Nilijifunza hayo kwa gharama. Mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba tunayoishi, nilimwita fundi ambaye alizungusha povu la kuzibia na vipande vya mbao pembeni mwote mwa paa saa nane mchana, popo wote wakiwa ndani wamelala. Alilipwa akaondoka, na mimi nikaamini kazi imekwisha. Saa moja usiku popo wa kwanza alishuka sebuleni kupitia tundu la waya wa feni, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimehesabu kumi na saba, wengine wakiwa wameng'ang'ania mapazia kwa kucha za vidole gumba vyao. Siku ya nne harufu ilianza. Siku ya saba dari ya chumba cha watoto ilikuwa na doa la kahawia lenye mafuta, na ilitubidi kubomoa sehemu ya dari ili kutoa mizoga. Fundi hakuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, yaani kuziba kwanza na kufikiri baadaye.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni nani anayekaa juu

Panya hukimbia juu ya dari usiku kucha na hutafuna mbao na nyaya, na kinyesi chake ni kigumu, hakivunjiki kirahisi. Popo hakimbii. Utamsikia mchana jua linapokuwa kali, akitoa mlio mwembamba wa kuchachatika mithili ya vifaranga walio mbali, na utamsikia tena dakika chache kabla ya machweo, wakati kundi zima linapojongea kwenye tundu la kutokea. Kinyesi chake hufanana na cha panya kwa umbo na rangi, lakini ukikikandamiza kati ya vipande viwili vya karatasi, huku umevaa glavu, kinavunjika na kuwa unga wenye vimeta vinavyong'aa. Vimeta hivyo ni mabaki ya mabawa na magamba ya wadudu. Kipimo hicho cha karatasi kinatosha kumaliza ubishi wowote nyumbani.

Dalili nyingine ni kinyesi kilichorundikana chini ya sehemu moja ya ukuta wa nje, doa la kahawia lililopakazwa kwenye ukingo wa tundu kutokana na mafuta ya manyoya yao, na harufu kali ya mkojo wa siku nyingi inayozidi mchana wa joto. Wengi wa wakazi hawa wa chini ya bati ni popo walao wadudu ambao mkia wao huchomoza nje ya ngozi inayounganisha miguu. Mmoja wao, anayejulikana kitaalamu kama Mops condylurus, huweza kuvumilia joto la zaidi ya nyuzi 40 katika maficho yake, na ndiyo maana bati linalotuunguza sisi kwake ni makao ya kufaa.

Usimchanganye na popo mkubwa mla matunda. Huyo hulala mitini, na akija nyumbani hukaa nje kwenye baraza au chini ya upenu, akitafuna maembe na kutema makapi ukutani. Kumwondoa ni rahisi: acha taa ya baraza ikiwaka usiku kadhaa mfululizo, funika kwa muda sehemu anayoning'inia, na uvune matunda yaliyoiva mapema. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humo, naye ni wa mitini. Alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na leo watu hulipa kiingilio kwenda kumtazama mahali paitwapo Kidike, huko huko Pemba. Naye popobawa, jini la masimulizi lililowatia watu hofu Unguja na Pemba mwaka 1995 hahusiani na mnyama yeyote kati ya hawa, ingawa nimewahi kuombwa na mtu mzima kabisa nithibitishe hilo kabla hajakubali kupanda ngazi.

Hatua ya pili: kaa nje jioni uhesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Chukua kiti, kaa nje nusu saa kabla ya jua kuzama, na umwombe mtu mwingine akae kwenye kona ya mshazari na yako, ili kila mmoja wenu aone pande mbili za nyumba. Mkiwa mmekaa mnaangalia paa dhidi ya anga lenye mwanga wa magharibi, mtawaona popo wakidondoka kutoka tunduni kama mawe madogo kabla ya kufungua mabawa. Popo hawa wana mabawa marefu membamba, hivyo huhitaji kuanguka kidogo ndipo waruke. Jambo hilo litakuwa na maana tutakapofika kwenye kuweka bomba. Andika ni wangapi wametoka katika kila tundu, na endelea kukaa hadi dakika kumi zipite bila yeyote kutoka. Rudia usiku mwingine mmoja au miwili, kwa sababu idadi hubadilika.

Ukiweza kuamka kabla ya alfajiri kupambazuka, utaona zaidi. Wanaporudi, popo huzunguka mara kadhaa mbele ya tundu na kuligusa kabla ya kuingia, na hapo utagundua matundu ambayo jioni yalikupita. Usiwamulike kwa tochi kali tunduni, kwani watasita kutoka na hesabu yako itaharibika.

Mchana unaofuata zunguka nyumba na ngazi. Sehemu za kuangalia ni chini ya kofia ya paa, mahali migongo ya bati inapokutana na ukuta, nyuma ya ubao wa pembeni unaofunika ncha za kenchi, pembezoni mwa mabomba na nyaya zinazoingia darini, na matundu ya hewa ambayo wavu wake umeoza. Nafasi inayopitisha kidole chako kidogo, yaani sentimita moja na nusu au hata pungufu, inamtosha popo.

Hatua ya tatu: jiulize kama ni lazima watoke

Naona ni haki kuuliza swali hili kabla ya kununua msumari hata mmoja. Popo mmoja wa jamii hii, mwenye uzito wa gramu kumi au ishirini na kitu, huweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wake, wakiwamo nondo na mbawakavu wanaoharibu mahindi na mpunga. Kama ni popo wachache waliopo kwenye paa la banda au ghala lisilohifadhi chakula, na hakuna harufu wala kinyesi kinachodondoka mahali watu wanapokaa, mimi ningewaacha na kuweka tu turubai chini ya sehemu wanayoning'inia.

Hali hubadilika wanapokuwa juu ya vyumba vya kulala, juu ya jiko, au pale dari inapoanza kulowa. Sababu moja ambayo watu husahau ni maji ya mvua. Kama unavuna maji ya paa kuyaingiza kwenye tangi, kinyesi kinachoangukia juu ya bati na kwenye gata huoshwa na mvua ya kwanza moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa. Mpaka kazi ikamilike, mwaga nje maji ya mvua za mwanzo kabla ya kuunganisha bomba la tangi, na chemsha yale ya kunywa.

Kuhusu sheria, ukamataji, uuaji na uhamishaji wa wanyamapori unasimamiwa nchini Tanzania na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nchini Kenya na sheria ya mwaka 2013. Utaratibu ninaoueleza hapa haumkamati mnyama wala kumhamisha. Ikiwa anayekaa darini kwako ni mnyama mkubwa kuliko popo, anza kwa kuzungumza na afisa wanyamapori wa wilaya, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa walio Kenya.

Hatua ya nne: chagua majira

Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja na kumnyonyesha, na mtoto huyo hukaa wiki kadhaa darini akiwa hawezi kuruka wakati mama yake ametoka kuwinda. Ukifunga tundu katika kipindi hicho, mama atabaki nje akihangaika na watoto watakufa juu ya dari yako. Uzazi mwingi hufuata mvua, kwa kuwa ndipo wadudu wanapokuwa wengi, lakini karibu na ikweta watoto wanaweza kupatikana zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa pwani, kipindi ninachokipendekeza ni baada ya masika kumalizika kabisa, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kabla vuli haijaanza.

Hata hivyo usiiamini kalenda peke yake. Jioni, wakubwa wakishatoka, subiri mpaka saa mbili usiku, zima televisheni na feni, kisha simama chini ya sehemu wanayokaa usikilize. Sauti nyembamba zisizokoma zinazotoka darini wakati huo ni za watoto wanaosubiri. Ukikuta pia kitoto chekundu kisicho na manyoya kimeanguka chini ya tundu, jibu umelipata. Ahirisha kazi kwa wiki sita, kisha sikiliza tena.

Hatua ya tano: andaa vifaa

Utahitaji bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita tano, ambalo wauza vifaa vya ujenzi huliita bomba la inchi mbili, urefu wa sentimita 25 kwa kila tundu kubwa. Wavu laini wa madirisha wa kuzuia mbu. Wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita sita. Vipande vya mbao, misumari, saruji kidogo na silikoni. Ngazi imara na mtu wa kuishika. Nunua pia glavu nene, miwani ya kukinga macho na barakoa ya N95, kwani kile kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la kinyesi. Usinunue wavu wa kuku. Matundu yake ni makubwa, na popo hunasa bawa humo akafa akining'inia mbele ya wageni wako.

Kuna bidhaa ambazo mtashauriwa na majirani au wauza duka, nami nashauri mziache. Vidonge vyeupe vya kuzuia nondo havifanyi kazi katika dari lenye hewa, na ukiviweka kwa wingi wa kufanya kazi utawaumiza walio chumbani kwanza. Moshi wa pilipili au matairi huua watoto wa popo na huweza kuchoma kenchi. Dawa za kuua wadudu na sumu za panya humlegeza popo akaanguka uani, ambako mtoto au paka atamwokota, na popo mgonjwa aliye chini ni hatari kuliko mia moja wazima walio juu. Gundi ya kunasia ni ukatili mtupu. Vifaa vya sauti isiyosikika vinavyouzwa mitandaoni hugharimu fedha na popo huvizoea.

Hatua ya sita: ziba ndani kwanza, kisha nje

Anza na chumba, kabla ya kugusa paa. Ziba kila tundu linalounganisha dari na vyumba: panapopita waya wa feni, pembeni mwa taa, mwanya wa mfuniko wa kupandia darini, ufa kati ya dari na ukuta. Laiti ningefanya hili peke yake mwaka ule, wale kumi na saba wasingefika sebuleni.

Kisha nenda nje uzibe matundu yote ambayo katika hesabu yako hayakutumiwa, au yalitumiwa na popo mmoja mmoja tu. Mulika kila ufa kabla ya kuuziba, kwa maana popo mmoja hupenda kujibanza pembeni. Povu la kuzibia lisitumike peke yake, kwa sababu panya hulitafuna kwa usiku mmoja. Lifunike kwa wavu wa chuma au saruji. Matundu ya hewa yasizibwe kabisa, bali yawekewe wavu mgumu, kwani dari lisilopumua kwenye hali ya hewa ya pwani litaozesha mbao zako. Tundu kuu, au mawili makuu, yaache wazi. Mpe popo siku mbili au tatu azoee hali hiyo.

Hatua ya saba: weka mlango wa kutokea tu

Tundu likiwa la mviringo au liko kwenye kona, tumia bomba. Liingize si zaidi ya sentimita moja au mbili ndani ya tundu, lielekee nje na chini kama mdomo wa birika, ulizungushie wavu au kitambaa ili pasibaki mwanya pembeni, na ulifunge kwa waya. Plastiki ni laini, hivyo popo huteleza kutoka lakini akitaka kurudi kucha zake hazipati pa kushika. Kwenye mdomo wa nje funga kipande cha mfuko mwepesi wa plastiki uliokatwa pande zote mbili, kining'inie kama soksi isiyo na ncha. Anapotoka anaisukuma, na akishatoka inajikunja. Hakikisha chini ya bomba pana nafasi ya wazi ya mita mbili hivi, pasiwe na kamba ya kuanikia nguo wala tawi, kwa sababu ya ile tabia yake ya kudondoka kabla ya kuruka.

Tundu likiwa ni ufa mrefu chini ya bati, tumia wavu laini wa dirisha. Upigilie juu ya ufa na pande mbili, uupitishe ufa kwa sentimita thelathini kila upande, uning'inie chini ya ufa kwa sentimita hamsini hivi, na uuache wazi upande wa chini. Usiukaze, uache uwe na mfuko kidogo, popo aweze kutambaa kati yake na ukuta mpaka atokee chini. Akirudi, atanusa na kutua pale pale ufa ulipo, atakuta wavu, na hatakuwa na akili ya kwenda kuzunguka chini.

Kazi hii ifanywe asubuhi, popo wakiwa wametulia, wala usifunge tundu lenyewe.

Hatua ya nane: subiri, na uongee na jirani

Jioni ya kwanza kaa tena kwenye kiti chako. Wakitoka vizuri, furahi kimya kimya. Wakisita kwa muda mrefu au mmoja akinasa, panda urekebishe papo hapo, kwani kosa la sentimita mbili linaweza kuwafungia wote. Alfajiri utawaona wakizunguka mbele ya tundu wakitafuta njia. Wataondoka kwenda kwenye maficho mengine wanayoyajua, kwa kuwa kundi la popo mara nyingi huwa na zaidi ya makazi moja.

Makazi hayo mengine huenda yakawa kwa jirani. Nenda ukamweleze mapema. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja wa nyuma yetu, nikamwamkia, na kabla sijamaliza alisema, "Mwanangu, hao wa kwako walikuja kwangu mwaka jana, nikawaziba, wakarudi kwako." Tulikubaliana tuzibe nyumba mbili kwa pamoja, na tukagawana gharama ya wavu.

Acha mlango wa kutokea ukae kwa usiku saba mfululizo usio na mvua kubwa. Usiku wa mvua popo wengine hawatoki kabisa, hivyo usiuhesabu. Usiku mbili za mwisho zikipita bila hata mmoja kutoka, ingia darini mchana na tochi ukathibitishe.

Hatua ya tisa: funga moja kwa moja

Toa bomba au wavu, ziba tundu siku hiyo hiyo kwa mbao, saruji au wavu wa chuma, na upake silikoni kwenye nyufa ndogo. Ukichelewesha hata usiku mmoja, wale waliokuwa wakilizunguka kila alfajiri watarudi, na utaanza upya.

Hatua ya kumi: safisha bila kutimua vumbi

Kinyesi kilichorundikana kinaweza kuotesha kuvu ambayo mbegu zake, zikivutwa na hewa, huleta ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosisi. Hatari iko kwenye vumbi. Kwa hiyo usitumie ufagio mkavu, wala usimtume kijana apande na ndoo akiwa amevaa fulana.

Zima umeme kwenye swichi kuu. Fungua mfuniko wa dari saa kadhaa kabla. Vaa barakoa, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Kanyaga kenchi tu, kwa kuwa dari halikubebi. Nyunyizia rundo maji yenye sabuni mpaka lilowe, kisha lichote kwa sepeto dogo uliingize kwenye mifuko miwili iliyopandana. Watu hukimbilia kumwaga klorini. Usiimwage juu ya rundo, kwa sababu mkojo wa popo una amonia, na amonia ikikutana na klorini katika nafasi iliyofungwa hutoa gesi inayochoma koo na mapafu. Osha kwa sabuni kwanza, acha pakauke, na kama bado unataka dawa, ipanguse kidogo kwenye mbao zilizokwisha kusafishwa.

Kinyesi hicho ni mbolea nzuri, lakini kizike kwenye shimo la mboji kikae miezi kadhaa. Usikimwage kibichi kwenye mchicha.

Popo akiingia chumbani au akimng'ata mtu

Akiwa anaruka chumbani, zima feni, zima taa, fungua dirisha na mlango wa nje, kisha utoke na ufunge mlango wa ndani. Mara nyingi atakuwa ameondoka ndani ya robo saa. Akiwa ametua ukutani, mfunike kwa bakuli la plastiki, pitisha karatasi ngumu nyuma yake, na umpeleke kwenye shina la mti au ukuta usio laini, juu ya kimo cha kichwa chako. Usimwache chini, kwani popo hawa huruka kwa shida kutoka ardhini. Usimshike kwa mkono mtupu hata akiwa amekufa.

Sababu si ndogo. Mwaka 2007 mwanamke Mholanzi aliyekwaruzwa usoni na popo akiwa katika hifadhi ya Tsavo Magharibi alifariki kwa virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na mwaka 2009 virusi vingine vya jamii hiyo viligunduliwa kwa popo wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Matukio haya ni nadra sana, wala si sababu ya kuua kundi zima, lakini yanatosha kuweka sharti: aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au mtoto aliyekutwa amelala na popo chumbani, aoshwe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Jeraha la popo ni dogo kiasi kwamba unaweza usilione kabisa. Kuhusu homa kali ya virusi vya Marburg, popo wanaohusishwa nayo ni wala matunda wanaoishi mapangoni, si hawa wa chini ya bati.

Ukiwa na wanyama wengine

Bundi mweupe akiatamia darini, mwache amalize. Makinda huondoka baada ya miezi miwili hivi, na katika muda huo panya wako watakuwa wamepungua sana. Najua anavyoitwa ndege wa mkosi. Tangu nimfahamu, mkosi umekuwa wa panya. Akishaondoka, weka wavu wa chuma kwenye njia yake.

Komba na kanu huingia kwa kupitia matawi, kwa hiyo kata yale yaliyo ndani ya mita mbili na nusu za paa, hakikisha hakuna watoto darini, na uzibe usiku wakiwa nje kwa wavu mnene uliopigiliwa misumari, maana wana nguvu za kung'oa wavu wa dirisha. Kanu akiwa anafuata kuku, banda likarabatiwe kwanza, la sivyo atarudi.

Nyuki usiwaguse. Watafute warina asali wenye mavazi ya kazi, waje baada ya jua kuzama, wahamishe kundi kwenye mzinga. Watoto na mbuzi wasiwepo uani jioni hiyo.

Paa la makuti haliwezi kuzibwa tundu kwa tundu. Pale tandaza wavu laini upande wa ndani, chini ya makuti, wakati wa kuezeka upya, na mpaka siku hiyo ifike weka turubai juu ya vitanda. Anayetaka kuwapa popo mahali pengine anaweza kutundika sanduku la mbao zisizorandwa wala kupakwa rangi, lenye nafasi ya sentimita mbili ndani na wazi upande wa chini, juu ya nguzo ya mita nne yenye uwazi mbele yake. Letu lilikaa tupu mwaka mzima. Siku hizi nikikaa pale nje jioni huwahesabu tisa, wakati mwingine kumi na moja.

Kila Februari, kabla ya masika, zunguka nyumba na ngazi uangalie mahali bati lilipoinuka kwa upepo na silikoni ilipopasuka kwa jua. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja.